Mtakatifu Vinsenti wa Paulo: Hata Huruma Inahitaji Zamu



Kijana mwenzangu, leo tumwangalie mtakatifu ambaye wengi tunamjua kwa sababu ya kile chama cha parokiani kinachokusanya unga na sabuni kwa ajili ya maskini: Vinsenti wa Paulo. Tukimwona pichani, mzee amebeba mtoto mchanga, tunadhani alizaliwa na huruma yake. Wala haikuwa hivyo.

Alizaliwa mwaka 1581 huko Pouy, kusini magharibi mwa Ufaransa, katika familia ya wakulima yenye watoto sita. Utotoni alichunga kondoo na nguruwe. Baba yake aliona mtoto ana akili, akajinyima ili asome. Lakini siku moja baba huyo alipofika shuleni kumwona, amevaa nguo za kimaskini tena anachechemea, Vinsenti alikataa kwenda kuongea naye. Alimwonea aibu! Uzeeni alikuwa bado anaisimulia dhambi hiyo kwa majuto. Hata alipopadrishwa mwaka 1600, akiwa kijana mdogo sana, alichotafuta ni cheo chenye mapato mazuri.

Mungu akamgeuza polepole. Mwaka 1617 alikuwa paroko wa mji mdogo wa Châtillon. Jumapili moja ya Agosti, akijiandaa kwa Misa, akaambiwa kwamba nje ya mji kuna familia ambayo wote ni wagonjwa, hakuna wa kumhudumia mwenzake. Akawaombea msaada kwenye mahubiri. Mchana alipoenda kuwaona, akakuta njia imejaa watu: wengine wanaenda, wengine wanarudi, wengine wamekaa pembeni kupumzika kwa sababu ya joto. Chakula kilifika kingi kupita kiasi.

Wengi wetu hapo tungemshukuru Mungu, tukapiga picha, tukaenda kulala. Vinsenti akajiuliza: leo kuna chakula hadi cha kuoza, je, wiki ijayo? Akaona kwamba watu wake hawakukosa upendo, walikosa utaratibu. Siku chache baadaye akawakusanya kina mama, wakapanga zamu ya kupika na kuhudumia wagonjwa, kila mmoja siku yake. Akawekwa mtunza hazina, na mahesabu yakaandikwa. Kanuni yao iligusa hadi mambo madogo: mgonjwa asalimiwe kwa furaha, atandikiwe meza, na yule anayeishi peke yake ahudumiwe mwisho, ili mhudumu apate muda wa kukaa naye.

Vyama hivyo vikaenea. Mwaka 1633, pamoja na Louise de Marillac, alianzisha Mabinti wa Upendo. Wengi wao walikuwa wasichana wa vijijini. Mabibi matajiri wa Paris walitoa fedha. Wasichana hawa walitoa mikono na miguu yao. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake.

Vita vilipoiharibu Lorraine, na baadaye Picardie na Champagne, watu walikufa njaa. Vinsenti alichapisha na kusambaza habari za hali ilivyokuwa kule, ili watu wa Paris wachange. Bruda Mathieu Regnard akazipeleka fedha akiwa amezificha, akipita katikati ya askari na wanyang'anyi, safari zaidi ya 50. Na Vinsenti hakuishia kwenye mkate. Asiye na nguvu alipewa chakula. Mwenye nguvu alitafutiwa mbegu na zana za kulimia, na wanawake nyuzi za kusokota, ili wajitegemee tena. Kwake maskini hakuwa mdomo tu wa kulishwa, naye alikuwa mshiriki wa kazi.

Alifariki tarehe 27 Septemba 1660, na mwaka 1737 akatangazwa mtakatifu. Mwaka 1833 wanafunzi wachache wa Paris, akiwemo Frédéric Ozanam mwenye miaka 20, walianzisha chama cha kuwatembelea maskini, wakajiweka chini ya ulinzi wake. Vijana kama sisi kabisa!

Sasa turudi kwetu. Tumezoea kusema umaskini ni kazi ya serikali, au ya padre, au ya wafadhili. Au tunachanga kwa kishindo siku moja, halafu kimya mwaka mzima. Hebu jiulize: kwenye jumuiya yenu, yule bibi anayeishi peke yake, wiki hii ni zamu ya nani kumtembelea? Kama hakuna anayejua, basi pengine ni yako. Na kama kuna mtu wa kwenu unayemwonea aibu kwa umaskini wake, anza na huyo.

Tusali: Ee Bwana, uliyemfundisha Vinsenti kuacha kuona aibu na kuanza kupenda, utufundishe kubeba pamoja mzigo wa ndugu zetu, kila mmoja kwa zamu yake, bila kuchoka. Amina.

Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, utuombee.