Mtoto na Kitabu cha Kinanda

Leo twawasimulia habari za Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa Eisenach, Ujerumani, mwaka 1685. Kabla hajatimiza miaka 10 alifiwa na wazazi wote wawili, akalelewa Ohrdruf na ndugu yake mkubwa, mpiga kinanda wa kanisa. Ndugu huyo alikuwa na kitabu cha nyimbo za mabingwa, akamnyima. Mwanawe Bach alisimulia baadaye ya kuwa mtoto alikitoa usiku katika kabati, akakinakili kwa mbalamwezi muda wa miezi 6. Ndugu alipogundua, alimnyang'anya nakala. Lakini hamu ya kujifunza haikunyang'anyika. Mwaka 1723 Bach alikamilisha vipande 30 vya kuwafundisha wapendao kinanda. Nasi twavifurahia hata leo.