Imam Abu Hanifa na amana ya mali kauli

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, anayefika Lyulilo, jirani na Matema wilayani Kyela, siku ya Jumamosi hukuta soko la vyungu vya Wakisi vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa. Mnunuzi aweza kukigonga chungu kwa kidole na kujua kwa mlio wake kama kina ufa. Akiwa na shaka, mfinyanzi yupo papo hapo wa kuulizwa. Nguo haina mlio, na mara nyingi aliyeishona hayupo inapouzwa. Tuchukulie mshonaji wa Lyulilo aliyempelekea mwenye duka wa Kyela mjini magauni kumi kwa mali kauli, alipwe yatakapouzwa. Mshonaji hamwoni mnunuzi, na mnunuzi hamjui mshonaji. Kati yao limebaki neno la mwenye duka tu. Juma hili tumeona tueleze maisha ya mwanachuoni aliyeujua mtihani huo kwa biashara yake mwenyewe.

Huyo ni Nuuman bin Thabit, maarufu kwa jina la Imam Abu Hanifa. Alizaliwa Kufa, nchini Iraq, mwaka 80 Hijria (699 Miladia), katika familia yenye asili ya Kiajemi. Aliuza khazi, kitambaa cha thamani kilichofumwa kwa hariri na sufi, na duka lake mjini Kufa lilijulikana. Imepokewa kwamba mwanachuoni Shaabi alimwona akiwa kijana wa sokoni, akaitambua akili yake, akamhimiza aelekee kwenye elimu. Akasoma kwa Hammad bin Abi Sulaiman kwa miaka ipatayo 18, na Hammad alipofariki mwaka 120 Hijria, yeye ndiye aliyekalia nafasi ya mwalimu wake.

Hata hivyo, biashara hakuiacha. Alikuwa na washirika waliomuuzia bidhaa, naye akapata wasaa wa kusomesha. Mmoja wao alikuwa Hafs bin Abdur-Rahman. Wanahistoria wanasimulia kwamba Imam alimpelekea Hafs nguo za kuuza, akamweleza kuwa moja ina kasoro na kwamba asiiuze ila baada ya kumbainishia mnunuzi. Hafs akaziuza zote, akasahau kuitaja kasoro ile, wala hakumjua aliyeinunua. Habari ilipomfikia Imam, aliitoa sadaka thamani yote ya mzigo ule.

Tulizingatie tukio hili. Imam hakumficha Hafs jambo lolote, na Hafs hakukusudia kudanganya. Lakini nguo ilikuwa mali ya Imam, na fedha yake ilikuwa ikirudi mkononi mwake. Aliona kwamba kumkabidhi mwingine bidhaa hakumwondolei mwenyewe dhima ya aibu iliyomo ndani yake. Mnunuzi hakuweza kupatikana ili arudishiwe haki yake, basi Imam akakataa kuila faida iliyochanganyika na haki ya mtu.

Uaminifu huo haukuwa kwa wanunuzi peke yao. Imesimuliwa kuwa mwanamke mmoja alimletea nguo ya hariri akitaka dirham 100. Imam akamjulisha kuwa ina thamani zaidi. Mwanamke akapandisha mia baada ya mia hadi 400, akidhani anafanyiwa mzaha, mwisho Imam akainunua kwa 500. Faida ya biashara yake aliitumia pia kuwasaidia wanachuoni na wanafunzi wenye dhiki, akiwemo Abu Yusuf, ambaye baadaye alikuwa kadhi mkuu wa Bani Abbas.

Kwa mujibu wa sharia, anayeuza kwa niaba ya mwenzake ni wakala, na mali iliyo mkononi mwake ni amana. Ikiharibika bila ya uzembe wake wala kukiuka masharti, halipi. Akizembea, atalipa. Fedha ya mauzo nayo ni ya mwenye mali, si mtaji wa mwenye duka wa kuagizia shehena nyingine huku mshonaji akizungushwa kwa ahadi. Ujira wake na ujulikane mapema. Na kasoro itajwe mara mbili: mshonaji amwambie mwenye duka, mwenye duka amwambie mnunuzi.

Imam alitakiwa kuwa kadhi na gavana Ibn Hubaira, akakataa, akapigwa mijeledi. Khalifa Mansur naye alimtaka, akakataa tena, akatiwa gerezani. Alifariki Baghdad mwaka 150 Hijria (767 Miladia), mwaka ule ule aliozaliwa Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea zaidi katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Aliyeogopa dhima ya nguo moja yenye kasoro hakuona ajabu kuogopa dhima ya kuhukumu watu.

Basi ndugu yetu mwenye duka, kabla ya kufunga hesabu ya leo, tazama ni nguo ipi iliyouzwa ambayo mwenyewe bado hajalipwa. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana. Wabillahi tawfiq.