Mama Zélie Martin: Mama wa Kazi, wa Sala na wa Kulinda Watoto



Kikundi chetu kinapotimiza miaka 10, tulikubaliana mkutanoni kwamba kijitabu kisiwe na hesabu za hisa na picha peke yake. Tuliona yawemo pia maisha ya mama mmoja wa zamani ambaye sote tunaweza kujifunza kwake. Yalitajwa majina mengi, na mwisho tukamchagua mama Zélie Martin wa Ufaransa, mzazi wa Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Theresia tunamfahamu, maana parokia nyingi zina jina lake, na hata Kanisa Kuu la Arusha limewekwa chini yake. Mama yake ndiye hatajwi sana. Katika kikundi chetu wako Wakatoliki, wako Walutheri na wako Waislamu, na wote walikubali. Maana yaliyompata mama huyu ndiyo yanayotupata sisi: kutafuta hela, kuzaa, kuzika, kuuguza, na kuwaacha watoto mikononi mwa watu wengine tunapokwenda kuhangaika.

Kuzaliwa kwake na kazi yake

Zélie Guérin alizaliwa tarehe 23 Desemba 1831, katika kijiji cha Gandelain, upande wa Normandie. Baba yake alikuwa askari. Mama yake alikuwa mkali sana, wala hakuwa mtu wa kubembeleza, hata mwanasesere wa kuchezea Zélie hakuwahi kupewa. Utoto wake ulikuwa wa huzuni. Pengine ndiyo sababu alipopata watoto wake mwenyewe hakutaka waonje alichoonja yeye.

Mwaka 1844 familia ilihamia mji wa Alençon. Alipokuwa msichana mkubwa alitamani kuwa sista na kuhudumia wagonjwa, lakini mama mkubwa wa masista hakumpokea. Basi akageukia kazi ya mikono. Mji wa Alençon ulikuwa na sifa kwa lesi, yaani kile kitambaa chepesi chenye matundu na maua, kinachoshonwa kwa sindano na uzi mwembamba. Kazi hiyo si mchezo: eneo la sentimita moja kwa moja huchukua kama saa 7. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia wa kazi za mikono na mila.

Zélie alijifunza akaiva, na mwaka 1853, akiwa na miaka 21 tu, akaanzisha biashara yake. Aliwapa kazi wanawake wengine, kila mmoja akashona kipande chake nyumbani kwake. Siku ya Alhamisi walileta vipande, yeye akavipokea, akawalipa, kisha akaviunganisha kwa mkono wake mpaka visionekane vilipoungwa. Aliwalipa bila kuwazungusha, na akipata habari kuwa mmoja anaumwa alikwenda kumwangalia. Sisi tunaojua uchungu wa kuuza mali halafu kuambiwa urudi kesho, hapo tumempenda.

Ndoa na nyumba

Tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi saa, mtu mpole na mcha Mungu. Walikuwa wamejuana miezi mitatu tu. Kila siku walikwenda Misa ya saa 11 na nusu alfajiri, ile ya wafanyakazi na maskini, ndipo wakaanza kazi. Jumapili Louis alifunga duka, hata watu waliposema anapoteza wateja. Biashara ya mke ilipokua, mwaka 1870 Louis aliuza duka lake la saa akaingia katika kazi ya mke wake, akitafuta wateja na kusafiri hadi Paris kupeleka mali. Akina baba, someni hapo mara mbili. Mume aliacha duka lake asaidie mradi wa mkewe, wala heshima yake haikupungua.

Mambo mengi ya nyumba ile yanajulikana kwa sababu Zélie aliandika barua, na zimebaki zaidi ya 200. Aliandikia ndugu yake mwenye duka la dawa mjini Lisieux, wifi yake, na binti yake Pauline aliyekuwa shule ya bweni. Ndani ya barua hizo kuna bei ya uzi, meno ya watoto, homa, madeni, na uchovu wa mama anayelala usiku mwingi na kuamka kabla ya jogoo.

Watoto tisa, makaburi manne

Walizaa watoto 9. Marie alizaliwa 1860, Pauline 1861, Léonie 1863 na Hélène 1864. Wakafuata wavulana wawili, wote wakaitwa Joseph, kisha Céline mwaka 1869, na wasichana wawili waliopewa jina la Thérèse. Kati ya Februari 1867 na Oktoba 1870 mama huyu alizika wanne: Joseph wa kwanza, Joseph wa pili, Hélène aliyekuwa na miaka 5, na Thérèse wa kwanza. Watu wengine walimwambia heri asingewazaa. Yeye hakukubali maneno hayo, maana aliamini kwamba wanaye wako hai kwa Mungu na ataonana nao.

Kifo cha huyo Thérèse wa kwanza ndicho kinachotuingiza katika jambo tunalotaka kulisema hasa. Wakati ule Zélie hakuweza tena kunyonyesha, kwa hiyo ilibidi amtafute mwanamke wa kumnyonyesha mtoto kwa malipo. Ndiyo ilikuwa desturi ya kwao. Akampata mmoja mle mle mjini, akamwamini. Kumbe mwanamke yule hakumpa mtoto maziwa ya kutosha. Mama alipogundua na kumchukua, mtoto alikuwa amekwisha kwa njaa. Akafa mikononi mwake tarehe 8 Oktoba 1870, hajatimiza miezi miwili.

Mwaka 1873, tarehe 2 Januari, alizaliwa Thérèse wa pili, ambaye ndiye Theresia wetu. Naye akadhoofika, ikaonekana anakwenda njia ile ile. Safari hii Zélie hakungoja. Alitoka peke yake kwa miguu alfajiri mpaka kijiji cha Semallé, kiasi cha kilometa 8, kumfuata mkulima mmoja aitwaye Rose Taillé, aliyekuwa amewanyonyesha wale wavulana wawili na kujulikana kwa wema. Rose alikuwa na watoto wake, na mume wake hakupenda aondoke, lakini alikuja. Mtoto akanyonya, akapona. Baadaye Rose alimchukua kijijini akakaa naye mpaka Aprili 1874, akarudi kwao mnene, amechomwa na jua, anatembea.

Tunawatazama wanawake hao wawili. Wote walilipwa kwa kazi moja. Mmoja alimrudisha mtoto akiwa mzima, kwa mwingine mtoto aliteketea. Kwa hiyo si haki kusema kila mfanyakazi wa nyumbani ni mbaya, maana wako akina Rose wengi sana. Lakini pia haitoshi kumlipa mtu halafu kutia moyo kwamba yote ni salama. Ni lazima kwenda kutazama.

Mtoto wa mwenzio

Zélie hakuwalinda wanawe peke yao. Kulikuwa na wanawake wawili mjini waliovaa kama masista, kumbe si masista, nao walikuwa wakimfundisha Léonie masomo. Kwao aliishi msichana mdogo wa miaka kama minane, mtoto wa mama mmoja maskini. Zélie aliona kwamba mtoto yule hapewi chakula cha kutosha na anapigwa. Kwanza akampa chakula. Kisha akamtafuta mama mzazi, akamweleza, na shauri likafika polisi. Wale wanawake walijitetea sana, wakajifanya watu wa dini wanaoonewa. Zélie alihangaika, akaogopa pia, lakini hakuacha mpaka mtoto akatolewa pale.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, nguo ya dini si kinga. Mtu anaweza kuvaa msalaba, au kanzu, au kuimba kwaya, na bado akamtesa mtoto. Kuuliza habari zake si kukosa imani. La pili, mtoto wa jirani akilia kila siku ni shauri letu pia. Tuna desturi ya kusema kwamba mambo ya nyumba ya watu hayatuhusu. Mama huyu alikuwa na lesi za kushona, watoto watano na ugonjwa mwilini, na bado yalimhusu.

Siri ndani ya nyumba yake mwenyewe

Jambo lililo gumu zaidi lilikuwa la Léonie. Mtoto huyo alikuwa mkaidi, hashikiki, shuleni alirudishwa, nyumbani hakusikia la mtu. Mama alisali, akalia, akajaribu upole na ukali, wapi! Miaka ikapita. Mapema mwaka 1877 ndipo Marie, binti mkubwa, alipogundua siri. Mfanyakazi wa ndani, aliyekuwa nao miaka mingi, alikuwa akimtawala Léonie kwa vitisho na kumwadhibu kwa siri. Mtoto alilazimishwa kumtii yeye tu na kumficha mama yake kila kitu. Alinyamaza kwa hofu.

Tuelewe vizuri: mfanyakazi huyo hakuwa mgeni. Zélie alikuwa amemwuguza kwa mikono yake alipopata ugonjwa mkali. Alikuwa mtu wa nyumbani kabisa. Lakini Marie aliposema, mama alisadiki, wala hakumkaripia binti kwa kuleta maneno. Alitaka mfanyakazi aondoke. Yule akaomba sana abaki kumhudumia bibi yake aliyekuwa mahututi, na akaruhusiwa, ila akakatazwa kabisa kusema na Léonie. Kuanzia hapo mama alimweka Léonie karibu naye siku zote, na mtoto akabadilika, akaanza kumpenda mama yake waziwazi. Zélie alimshukuru Mungu, akaona ni matunda ya sala za dada yake sista, aliyefariki Februari mwaka ule ule. Sisi tunaongeza kwamba sala ilijibiwa kwa njia ya mdomo wa Marie na masikio ya mama aliyekubali kusikia.

Ugonjwa na kifo

Mwaka 1865 Zélie alikuwa ameshasikia uvimbe kwenye titi, akamwandikia ndugu yake. Haukushughulikiwa. Akaendelea na kazi miaka 11. Desemba 1876 daktari alimwambia ni saratani na imekwisha kuwa kubwa, upasuaji hautafaa. Juni 1877 alikwenda Lourdes kuhiji pamoja na Marie, Pauline na Léonie. Hakupona, akarudi bila kunung'unika. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 28 Agosti 1877, akiwa na miaka 45. Theresia alikuwa na miaka 4 tu.

Louis alihamia Lisieux na mabinti watano, karibu na mjomba wao, naye alifariki mwaka 1894. Wote watano wakawa watawa. Theresia alifariki mwaka 1897, akatangazwa mtakatifu mwaka 1925. Léonie, yule aliyeshindikana, alijaribu utawa mara tatu akatoka, mara ya nne mwaka 1899 akadumu mpaka alipofariki mwaka 1941. Mwaka 2015 kesi ya kumtangaza Mwenye Heri ilifunguliwa. Mwaka huo huo, tarehe 18 Oktoba, Papa Fransisko aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu, mke na mume siku moja. Sikukuu yao ni tarehe 12 Julai.

Tunachokiomba kwa wanachama

Kwa miaka 10 tumekazania fedha, na fedha zimesaidia. Vibanda vimejengwa, ada zimelipwa. Lakini tukitoka alfajiri kwenda sokoni tunaacha nyumbani mali kuliko sanduku letu lenye kufuli tatu. Sanduku tunalihesabu kila mkutano mbele ya watu wote. Na mtoto je, tunamhesabu lini?

Basi tunaomba hivi. Kila mama apate nafasi ya kukaa na mtoto wake peke yake, amwulize siku ilivyokwenda, na akisema jambo zito asimwambie anyamaze. Mtoto aliyebadilika ghafla, anayekojoa kitandani tena au anayemwogopa mtu fulani, asipigwe kabla ya kuulizwa. Tukirudi nyumbani, mara nyingine turudi saa tusiyotazamiwa. Likitokea la kutokea, tusilimalize kwa kuku na soda kati ya wazee. Twende kwa ustawi wa jamii au dawati la watoto la polisi, au tupige namba 116.

Tena tusisahau kuwa msichana wa kazi naye ni mtoto wa mtu. Kama ni mdogo wa kwenda shule, mahali pake ni shule. Kama ni mkubwa, alipwe kwa wakati, ale tunachokula, apumzike.

Na mwisho, mwenye uvimbe kwenye titi asingoje miaka 11. Mfuko wa jamii upo, aseme mapema aende hospitali.

Mungu atubariki, atulindie watoto wetu, na atupe macho ya kuwaangalia.