Jenerali Mathews na Sheria Aliyoilinda

Hapa Nyegezi, penye chuo cha uvuvi na mitumbwi iendayo visiwani, jina la Lloyd Mathews halitajwi sana. Hata hivyo, habari zake zinatuhusu sisi watu wa Ziwa. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Kageye kupitia Tabora ilipeleka pwani pembe za ndovu na binadamu waliotiwa minyororo. Wengi wao waliishia katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, na huko ndiko Mathews alikoshika kazi ya ulinzi na utawala kwa miaka 24.

Mathews alizaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Madeira, akaingia Jeshi la Wanamaji la Uingereza angali mtoto. Mwaka 1875 alipangiwa manowari London, iliyotia nanga Unguja ili kukagua majahazi yaliyoshukiwa kubeba watumwa. Miaka miwili baadaye Sultani Barghash bin Said alimkabidhi kazi ya kuunda jeshi jipya. Jeshi hilo lilianza na watu 300, na kufikia mwaka 1880 lilikuwa na askari 1,300, wengi wao Waafrika. Halikuwa jeshi la vita tu. Lilisaka wauza watumwa na kusimamisha bendera ya Sultani bara, hata Mamboya na Kilimanjaro.

Desemba 1881, Kapteni Brownrigg wa manowari London alilikaribia jahazi moja karibu na Pemba. Kwa kuwa lilipeperusha bendera ya Ufaransa, alikusudia kukagua hati zake tu. Aliuawa pamoja na baadhi ya mabaharia wake. Mathews alimfuata nahodha wa jahazi hilo, Hindi bin Khattam, akamkamata huko Wete. Kwa kazi hiyo anastahili sifa, kwani biashara ile ilikuwa dhuluma isiyo na utetezi.

Lakini historia ya haki haikomei kwenye sifa. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, na mwaka 1891 Mathews akawa Waziri wa Kwanza. Jeshi lililoundwa kwa amri ya Sultani likawa mkono wa wageni. Agosti 27, 1896, Khalid bin Barghash alipokataa kuondoka katika jumba la kifalme, manowari za Uingereza zililipiga kwa muda usiofikia saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa jumba, ilhali askari wa Zanzibar wapatao 900 walisimama chini ya Mathews upande wa Waingereza.

Aprili 1897 ikatoka sheria ya kufuta hali ya utumwa. Hata hivyo, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aliyelipwa fidia alikuwa bwana, si mtumwa. Masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Mathews hakuiona siku hiyo. Alifariki Unguja kwa malaria Oktoba 1901, akazikwa huko huko.

Tunajifunza nini? Kwanza, nidhamu ya askari ni silaha isiyo na macho: humlinda mnyonge leo, na kesho huweza kumtumikia mwenye nguvu. Pili, sheria njema hupungua thamani pale mzigo wake unapoangukia aliyekwisha kudhulumiwa.

Nasaha hii inawafaa viongozi wetu wa Serikali wanaopeleka doria Ukerewe, Ukara na Kome. Samaki wachanga hawana budi kulindwa, na kokoro halina nafasi katika Ziwa letu. Lakini mvuvi anayenyang'anywa nyavu anastahili kuelezwa kosa lake, kupewa hati na kufikishwa mbele ya sheria. Nao ndugu zetu wa visiwani wasimfiche mvunja sheria kwa kuwa ni jirani, kwani ziwa likikauka samaki hakuna kisiwa kitakachosalimika.

Mathews alijua kumkamata mhalifu baharini. Sisi tuna wajibu wa kuuliza pia, kila doria inapong'oa nanga, ni nani anayelindwa.