Lord Rayleigh na Povu la Maji

Sisi wa Kasongo tukifika Lualaba, mapovu tunayaona, tunapita tu. Mwingereza Lord Rayleigh, aliyezaliwa mwaka 1842, hakupita. Mwaka 1872 homa ya viungo ilikaribia kumwua. Akaenda Misri apate nguvu, na humo mashuani, juu ya mto Nile, akaanza kitabu chake kikubwa cha sauti. (Mgonjwa huyo!) Mwaka 1894 yeye na Ramsay walivumbua hewa ya argoni. Mwaka 1917, sasa mzee wa miaka 74, alipiga hesabu kwa nini chuma kinachozunguka kusukuma meli kinalika majini: povu likijifunga ghafula, linakandamiza maji kwa nguvu ya ajabu. Alikufa 1919. Mwaka 1934, kule Köln, Frenzel na Schultes wakaona maji yaliyopigwa na sauti yanatoa mwanga. Ni povu hilo hilo: likijifunga, hewa ya ndani inapata moto mkali mno. Na hewa inayobaki humo, argoni yake.