Paavo Nurmi, Mkimbiaji Aliyeshika Saa

Paavo Nurmi alizaliwa mwaka 1897 katika mji wa Turku, nchini Ufini. Baba yake alifariki mwaka 1910. Mtoto huyo akaacha shule, akawa mtumishi wa duka la mikate, akisukuma mkokoteni mzito kupanda vilima. Ndivyo miguu yake ilivyopata nguvu.

Lakini nguvu si kasi. Katika ujana wake alizoea masafa marefu kwa mwendo wa polepole tu. Mwaka 1920, kwenye Olimpiki ya Antwerp, Mfaransa Guillemot alimshinda katika mita 5,000. Nurmi hakukata tamaa. Alitia kasi katika mazoezi yake, akakimbia na saa mkononi ili kila mzunguko ulingane na mwingine.

Tarehe 10 Julai 1924, mjini Paris, alishinda mita 1,500, na kabla ya saa mbili kupita akashinda mita 5,000.

Alifariki mwaka 1973, akiwa na medali 9 za dhahabu za Olimpiki.

Vijana wetu, msianze kwa pupa mkamfuata jirani. Kila mmoja apime mwendo wake mwenyewe, kisha auongeze kidogo kidogo.