Emin Pasha na Hatima ya Nyaraka Wakati wa Vita

Mnamo Agosti 1889 msafara mkubwa uliotoka Karagwe ulipita kando ya Ziwa Burigi, kisha ukaingia Uzinza, nchi ambayo sehemu yake iliwekwa baadaye katika Wilaya ya Biharamulo. Kiongozi wake alikuwa Henry Morton Stanley. Waliomfuata walikuwa wapagazi wa Kizanzibari pamoja na mamia ya wakimbizi wa jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudani: maofisa, makarani, wanawake, watoto na watumishi. Eneo hili limeshuhudia ukimbizi mkubwa zaidi tangu hapo, hasa mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu robo milioni walipovuka Rusumo kuingia Ngara. Mkimbizi hubeba kile anachokiona hakina badala. Katika msafara wa 1889 gavana aliyeipoteza nchi yake, Emin Pasha, alibeba shajara.

Emin alizaliwa Oppeln, Silesia, tarehe 28 Machi 1840, kwa jina la Eduard Schnitzer. Baada ya kuhitimu utabibu alitumika katika Milki ya Osmani, akafika Khartoum mwishoni mwa 1875. Gordon alimpa kazi ya uganga, akamtuma kwa Mutesa wa Buganda na kwa Kabalega wa Bunyoro. Mwaka 1878 akawa gavana wa Ikweta. Hayo yanajulikana sana. Kisichotiliwa mkazo wa kutosha ni mazoea yake ya kuandika. Ingawa macho yake yalikuwa mabovu, aliandika kwa mwandiko mdogo mno habari za safari, hali ya hewa, desturi, ndege na maneno ya lugha alizozisikia.

Vita vya Mahdi vilimtenga na Khartoum tangu 1883. Mji huo ulianguka Januari 1885, na Gordon akauawa. Kutengwa huko hakukumfanya Emin afungie karatasi zake sandukuni. Alizipeleka mbali kila njia ilipopatikana. Wilhelm Junker aliondoka kwake Januari 1886 akafika Zanzibar mwishoni mwa mwaka huo, na Mohammed Biri, mfanyabiashara kutoka Tripoli, alipitisha barua kati yake na mmisionari Mackay huko Buganda. Ndiyo maana barua zake zilichapishwa Ulaya mwaka 1888, yeye mwenyewe akiwa bado amezingirwa. Ni vigumu kuliita jambo hili bahati tu: mtu huyu alikuwa akijijengea hifadhi mahali ambapo vita havikufika.

Thamani ya mwenendo huo huonekana anapolinganishwa na Gaetano Casati, Mwitaliano aliyeishi Bunyoro kama mjumbe wake. Mwanzoni mwa 1888 Kabalega, aliyekuwa na sababu zake za kuwashuku wageni, alimuua Biri na kumfukuza Casati, ambaye aliponea chupuchupu na kupoteza maandishi yake. Kazi ya miaka mingi ikabaki kichwani mwake, na kitabu alichokitoa baadaye kilitegemea sana kumbukumbu. Emin naye alifungwa na askari wake walioasi huko Dufile Agosti 1888. Desemba akakimbia Wadelai akiacha mali nyingi. Hivyo kando ya Burigi walipita watu wawili katika msafara mmoja, mmoja akiwa na karatasi, mwingine akiwa na alichokikumbuka.

Alipokwisha kufika pwani, Emin aliingia katika utumishi wa Wajerumani, akarudi ziwani na kuanzisha kituo cha Bukoba mnamo Novemba 1890. Februari 1891 alitoka hapo kupitia Karagwe kuelekea magharibi. Mwishoni mwa mwaka ndui iliukumba msafara. Emin, ambaye macho yake yalikuwa karibu kupofuka, alibaki na wagonjwa, akamwamuru Franz Stuhlmann arudi Bukoba na waliokuwa wazima. Stuhlmann alichapisha habari za safari hiyo mwaka 1894. Kwa mara nyingine, kilichotangulizwa kilisalimika.

Kilichobaki mkononi mwa Emin kilikuwa na hatima nyingine. Tarehe 23 Oktoba 1892 aliuawa Kinena, Kongo, kwa amri ya Kibonge. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipoiteka Kasongo mwaka 1893 yalikuta humo vitu vyake, zikiwemo shajara. Jambo hili lina uchungu wake: ushindi uliozirudisha karatasi za mtu mmoja uliuangamiza mji mkubwa wa wasemaji wa Kiswahili.

Stuhlmann ndiye aliyezihariri shajara hizo, zikatoka Ujerumani kati ya 1916 na 1927. Juzuu ya tano haikutoka kabisa. Uchapishaji wenyewe ulianza katikati ya vita vingine, mwaka uleule ambao majeshi ya Ubelgiji, yaliyotoka upande wa Kongo, yaliiteka Biharamulo.